Mwezi wa Agosti Mtoto ni wa Nani?

Kila skuli zifungwapo mwezi wa Agosti, mabasi yatokayo Mombasa na Nairobi kwenda magharibi mwa Kenya hujaa abiria wa namna moja: watoto. Baba yuko bandarini, mama yuko ofisini au sokoni, na nyumba ya kupanga ya vyumba viwili haiwezi kumweka mtoto wa miaka minane kutwa nzima bila ya mtu wa kumwangalia. Basi hutiwa garini akapelekwa Kakamega kwa nyanya yake. Hufika na mkoba wake na viatu visivyojua tope. Siku ya kwanza hustaajabia kuku na ng'ombe. Siku ya pili huiona mvua ya alasiri. Siku ya tatu amekwisha kuchoka: wenziwe wa mtaani hawako, lugha ya nyanya haijui vyema, na simu aliyoizoea imekwisha salio.

Hapo ndipo kanisa la jirani hupiga hodi. Watoto wote na waje, kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Wataimba, watacheza, watasimuliwa visa, watakunywa uji, na alasiri watarudi makwao. Nyanya hushukuru, mtoto hutoka mbio, na mzazi aliye Changamwe au Buruburu hupata habari kwa simu kuwa mwanawe ameshughulishwa. Wenyewe jambo hili huliita kwa herufi tatu, VBS, yaani skuli ya Biblia ya wakati wa likizo. Ni kambi isiyolaza mtu. Mtoto huja asubuhi na kwenda zake jioni, na kwa kuwa halali huko, gharama zake ni ndogo na hofu ya wazazi ni ndogo pia.

Msomaji wa Lamu, wa Mombasa au wa Vanga huenda akauliza: haya yatuhusu nini sisi? Wakristo wawafunza watoto wao dini yao, na hiyo ni haki yao. Naam, ni haki yao. Lakini mwenye kulitazama jambo hili kwa makini ataona kuwa suala lenyewe ni pana kuliko kanisa. Suala ni zile saa tupu za mtoto, saa ambazo skuli imemwachia na mzazi hajazishika. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Kakamega kuna watu walioona kuwa mama hayuko, na wakauwahi ulimwengu.

Asili ya Jambo Lenyewe

Kambi hizi hazikuanzia Afrika. Mwaka 1894, katika mji mdogo wa Hopedale, jimbo la Illinois huko Marekani, mwalimu mmoja, Bibi D. T. Miles, aliona kuwa somo la Biblia la Jumapili pekee halitoshi, akaendesha masomo ya kila siku wakati wa likizo ya kiangazi. Miaka minne baadaye, mwaka 1898, Bibi Eliza Hawes wa New York aliwaona watoto wa mitaa ya masikini wakirandaranda barabarani. Hakuwa na jumba la kuwakusanyia. Akakodi ukumbi wa kuuzia pombe, kwa kuwa ndio uliopatikana, akawaingiza watoto humo asubuhi, wakasoma na kuimba. Mnamo 1901 kasisi Robert Boville akalichukua wazo hilo na kulieneza katika makanisa mengine ya mji ule, na tangu hapo likasambaa duniani.

Tazama basi lilikoanzia: mji mkubwa, wazazi wako viwandani, watoto wako barabarani. Haya ndiyo maisha ya Nairobi na Mombasa leo. Kwa hiyo hapana ajabu kuwa mbegu ile imeota Kenya. Ajabu ndogo ni kuwa wengine huandika katika vitambaa vyao vya matangazo lile neno la Kiingereza lenye maana ya kiangazi, hali Agosti ya Kakamega ni mwezi wa mvua na ubaridi, na mtoto asipokuwa na sweta atatetemeka.

Utaratibu wa kambi wenyewe ni mwepesi, na nguvu zake zimo katika wepesi huo. Watoto hugawanywa kwa umri, wadogo mbali na wakubwa. Siku huanza kwa nyimbo zenye vitendo vya mikono na miguu. Hufuata kisa, kisha aya moja ya kuhifadhi, kisha kazi ya mikono kama kukata karatasi na kupaka rangi, kisha mchezo wa nje, kisha chakula kidogo. Walimu aghalabu ni vijana wa kanisani waliomaliza kidato cha nne, au wanafunzi wa vyuo vikuu walio likizoni wenyewe, na wengi wao hawalipwi. Siku ya mwisho wazazi hualikwa, watoto wakaonyesha walichojifunza, na kila mmoja akapewa cheti. Mtoto aliyepewa cheti mbele ya nyanya yake hatasahau jina la mahali alipokipata.

Mumias na Kaimosi

Ili kulielewa jambo hili huko Kakamega yafaa turudi nyuma kidogo. Katika nchi ile Agosti ulikuwa mwezi wa mafunzo kabla ya kanisa kujengwa. Kwa Wabukusu, ambao baadhi yao wako kaskazini mwa Kakamega, Agosti ya kila mwaka wa shufwa ndio msimu wa kuwatahiri wavulana. Kutahiriwa kule hakukuwa kisu tu. Kulikuwa na kutengwa, na wazee kuwafunza vijana heshima, subira na wajibu wa mtu mzima, kama ilivyokuwa kwetu Pwani wakati wa jando. Leo wavulana wengi hupelekwa hospitali, na makanisa kadhaa huwakusanya baadaye wakapewa mafunzo. Kwa hiyo kanisa liliposhika mwezi wa Agosti lilishika wakati ambao wenyeji walikuwa wamekwisha kuuzoea kuwa ni wakati wa kulea.

Na sisi watu wa Pwani tulikuwako. Misafara ya Waswahili ilifika kwa Wawanga, mahali palipokuja kuitwa Mumias kwa jina la Nabongo Mumia, kabla ya misheni kupajua. Joseph Thomson alipopita huko mwaka 1883 alikuta njia imekwisha kukanyagwa na wafanyabiashara wa Pwani. Walikwenda kwa pembe za ndovu, na ukweli usifichwe, biashara ya misafara ilikuwa na doa la utumwa. Lakini walipeleka pia sala, kanzu na Kiswahili. Mumia mwenyewe alisilimu, na hadi leo Mumias ni mji wenye misikiti na Waislamu waliozaliwa hapohapo, si wageni. Serikali ya kikoloni ilikuwa na ofisi zake Mumias hadi mwaka 1920, zilipohamishiwa Kakamega.

Sasa mlinganishe na waliokuja nyuma. Mwaka 1902 Wamarekani watatu wa Kanisa la Marafiki, hao waitwao Quakers, walifika Kaimosi, mahali ambapo kwa miaka mingi palihesabiwa katika wilaya ya Kakamega na leo pako katika kaunti ya Vihiga. Jina walilolipa shughuli yao lilikuwa na neno la kazi za ufundi ndani yake. Walikata mbao, wakajenga, wakatibu wagonjwa, wakafundisha kusoma. Wakatoliki nao wakafika Mumias kwenyewe mwaka 1904, kisha Mukumu mwaka 1906. Mkoloni alikuwa nyuma yao, na hilo liliwasaidia sana. Mtu asijifanye halioni. Hata hivyo mkoloni peke yake hamkalishi mtoto kitako akapenda anachofundishwa. Misheni ilijenga mahali pa mtoto pa kila siku. Vyuo vya Kurani vilikuwako Mumias, wala sitaki kuvidharau, lakini kazi yao ilikuwa moja tu, na saa zilizobaki za mtoto zikaachiwa mwingine. Sisi tuliwahi kufika; wao wakawahi kukaa na watoto. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Kwa Nini Hivi Sasa

Mambo mawili ya miaka ya karibuni yamezitia nguvu kambi hizi. La kwanza ni sheria. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilikataza masomo ya ziada ya malipo wakati wa likizo. Kabla ya hapo mtoto wa mjini alikuwa hana likizo ya kweli. Skuli ikifungwa Ijumaa, Jumatatu yuko darasani tena kwa karo nyingine. Sheria ilikusudia mtoto apumzike. Lakini mzazi mwenye kazi hakupewa likizo pamoja na mwanawe, na pengo likabaki wazi.

La pili ni ugonjwa wa korona. Machi 2020 skuli za Kenya zilifungwa, na wanafunzi wote hawakurudi hadi Januari 2021. Katika miezi ile kila mzazi alijionea mwenyewe mtoto asiye na ratiba anavyokuwa. Wasichana waliopata mimba, wavulana walioingia katika kazi za kubeba mizigo na hawakutaka tena kurudi darasani, hizo zilikuwa habari za kila kaunti. Tangu hapo mzazi wa Kenya haihesabu likizo kuwa jambo dogo. Akisikia mahali mtoto atakapokaa salama kuanzia saa tatu hadi saa tisa, hauliza maswali mengi.

Na hapo ndipo penye shida, kwa sababu maswali yapo ya kuuliza.

Mzazi wa Kiislamu

Tuchukue mfano wa familia ya Kiislamu iliyohamishiwa Kakamega kwa kazi ya benki au ya serikali. Agosti imefika. Watoto wa jirani wote waenda kanisani na kurudi na vinyago vya karatasi, wakicheka. Mtoto wa Kiislamu akaa barazani awatazama. Mama afanyeje?

Wako watakaosema ni haramu hata kuuliza, na wako watakaosema hapana ubaya, ni mchezo tu. Nionavyo mimi, hili neno la pili ndilo lenye hatari zaidi, kwa kuwa si kweli. Wenye kambi hawasemi kuwa ni mchezo tu. Wameiita skuli ya Biblia mchana kweupe, na lengo lao ni kumfunza mtoto imani yao. Huo ni uwazi wa kusifika. Mzazi atakayempeleka mwanawe huko kwa ajili ya uji na mpira, kisha akalalamika kuwa mtoto amerudi akiimba kuwa Isa ni mwana wa Mungu, atakuwa amemdhulumu mwenye kambi na kujidhulumu mwenyewe. Sisi twamwamini Nabii Isa bin Maryamu na twamheshimu, lakini twamwamini kwa namna yetu, na mtoto wa miaka saba hawezi kuzipambanua itikadi mbili ambazo wanavyuoni wamezijadili karne nyingi.

Mwenye kambi naye ana wajibu wake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 32, yampa kila mtu uhuru wa dini, na yakataza mtu kulazimishwa kutenda kinyume na imani yake. Mtoto akija mwenyewe kwa kufuata wenziwe, ustaarabu wataka mzazi aulizwe kwanza. Aya ya kuhifadhi na cheti visiwe mtego wa kumnasa mtoto wa jirani asiyejua anachokisema. Vivyo hivyo na sisi: mtoto wa Kikristo wa Kisauni akiingia madrasani na wenziwe, mwalimu asimshahadishe kwa biskuti. Tusilolipenda tusimtendee mwenzetu.

Ujirani mwema haumo katika kuchanganya ibada. Umo katika kuambiana kweli. Kuna michezo, kuna usafi wa mtaa, kuna kupanda miti na kujifunza kushona, na hayo watoto wa dini zote waweza kuyafanya pamoja bila ya mtu kumvizia mwenziwe. Kama kambi ya kanisa ina siku ya michezo peke yake, na mzazi akaelezwa hivyo, mimi sioni la kumzuilia mtoto asicheze mpira.

Amana

Kuna jambo jingine ambalo dini zote zitaulizwa sawa. Kuwakusanya watoto wa watu ni amana nzito. Kakamega yenyewe ina msiba isiousahau: tarehe 3 Februari 2020, katika Skuli ya Msingi ya Kakamega, watoto zaidi ya kumi walifariki katika msongamano wa ngazini wakati wa kutoka madarasani. Hapakuwa na moto wala mafuriko. Palikuwa na watoto wengi na njia nyembamba. Anayewaita watoto mia mbili katika jumba moja kwa wiki moja na ahesabu milango kabla ya kuhesabu nyimbo.

Na kwetu Pwani, mwaka 2023, msitu wa Shakahola katika kaunti ya Kilifi ulifukuliwa zaidi ya miili 400, na miongoni mwao mlikuwa na watoto, waliofuatishwa kwa mhubiri aliyewaamrisha wafuasi wafunge hadi wafe. Si haki kuyapaka makanisa yote matope ya Shakahola. Makanisa mengi yalilia pamoja nasi. Lakini somo limebaki: neno la Mungu likitajwa mlangoni, mzazi asiache kuuliza ni nani aliye ndani.

Wala tusijione tumesalimika. Bakora za chuoni twazijua. Wako watoto wa Kiislamu walioichukia juzuu kwa sababu ya fimbo iliyokuwa juu yake, na wako waliotendewa mabaya zaidi ya fimbo wakafichwa kwa kuona haya. Katiba hiyohiyo, kifungu cha 53, yamlinda mtoto na mateso na adhabu za kinyama, popote alipo, chini ya msalaba au chini ya mwezi na nyota. Kambi ya wiki moja ambamo mtoto hakupigwa hata kofi, mtoto huilinganisha na chuo chake, hata kama hasemi.

Kilichopungua Kakamega

Kambi hizi zina upungufu wake, na upungufu huo wawahusu Wakristo wenyewe. Mtoto wa mjini amesafiri usiku kucha kwenda nchi ya babu zake, kisha wiki nzima amefungiwa katika jumba akiimba nyimbo zilezile za mjini kwa Kiingereza na Kiswahili. Nje ya jumba kuna msitu wa Kakamega, kipande cha mwisho upande wa mashariki cha misitu mikubwa ya Kongo, wenye ndege na vipepeo wasiopatikana kwingine Kenya. Nje kuna isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho, ambayo mwaka 2014 UNESCO iliitia katika orodha ya turathi zinazohitaji kuokolewa haraka, kwa kuwa wajuzi wake wazeeka na vijana hawaishiki. Mtoto arudi Nairobi na cheti, hali hajui jina la mti mmoja kwa lugha ya nyanya yake. Kambi imemshika mtoto, lakini haijamshikisha nchi.

Upande Wetu

Natuulize sasa: Agosti yetu ina nini? Katika mitaa ya Mombasa ina simu, ina vibaraza, na kwa bahati mbaya ina unga, ambao kwa miongo kadhaa umezika vijana wa nyumba njema na nyumba duni. Ina magenge ya watoto wenye mapanga ambao Kisauni na Likoni zimewajua. Watoto wale hawakuzaliwa na panga mkononi. Palikuwa na asubuhi nyingi tupu kabla ya lile panga.

Wala si kweli kuwa hatuna mfano wa kwetu. Habib Swaleh wa Lamu, aliyeanzisha Riyadha mwanzoni mwa karne ya 20, aliwakusanya watoto wa watu wanyonge na wana wa waliokuwa watumwa, ambao wengine hawakuwaona kuwa wastahiki wa elimu. Aliwavuta kwa upole na kwa maulidi yenye matari, na wako waliompinga kwa hayo. Leo Lamu yote yajivunia maulidi yale. Aliyejua kuwa mtoto huvutwa kwa furaha alikuwa mwanachuoni wetu, si Mmarekani.

Tena mwaka 1986, hapa Mombasa, kwa ombi la Waislamu wa Pwani na kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, Bi Swafiya Said alianza mpango wa madrasa za watoto wadogo. Watoto walifunzwa dini pamoja na kuhesabu, kuimba na kuchezea vitu vya kwetu kama vifuu vya nazi na vizibo vya chupa. Mpango ule ulivuka hadi Zanzibar na Uganda. Kwa hiyo ujuzi tunao. Tulichokosa ni kuupeleka kwa mtoto wa miaka minane hadi kumi na minne, na kuupa ratiba ya likizo.

Sisemi tuige kambi ya kanisa nukta kwa nukta. Nasema madrasa zina majumba, yana vyoo na maji ya kutawadhia, na wakati wa likizo mengi yao hukaa tupu tangu asubuhi hadi adhuhuri. Yatosha juma moja kwa kuanzia: asubuhi Kurani, kisha kuogelea, kisha kwenda kuwatazama mafundi wa majahazi Matondoni au wachonga milango Lamu, kisha mzee mmoja awafunze watoto kupima mizani ya shairi. Wasichana wawe na zamu sawa na wavulana. Bakora ibaki nyumbani. Na wale vijana wetu walio vyuo vikuu, wanaolala hadi saa nne wakati wa likizo, ndio wawe walimu.

Na Mumias isisahauliwe. Misafara ya babu zetu ilikwenda huko kwa miguu, miezi mizima. Basi la leo latoka Mombasa jioni na kesho yake liko Kakamega. Waislamu wa huko si wakiwa wa kuhurumiwa, wana maimamu wao na wana akili zao, lakini wamezungukwa na kambi zisizo zao kila Agosti, na walimu kumi kutoka Pwani kwa wiki mbili wangekuwa msaada mkubwa kwao. Yule mama aliyehamishiwa Kakamega angepata pa kumpeleka mwanawe.

Dini yetu yamwambia kila mlezi kuwa ataulizwa juu ya aliyepewa kumchunga. Swali hilo halitakwenda kwa kanisa la Kakamega kwa ajili ya watoto wetu. Skuli zitafungwa tena Agosti ijayo, na tarehe yake hutangazwa mapema. Kamati za misikiti zina muda wa kukaa na kuamua ni nani atakayekuwa na ufunguo wa madrasa Jumatatu ile ya kwanza, saa mbili asubuhi.